Breki ya Mtani

Siku ya kuazimana kinga, Mzee Balthazari Kihwele alifika kituo cha tiba amevaa koti la suti na kandambili. Akamkuta Kandida Tawete ameshakaa kwenye benchi la mbele. Akasimama, akamtazama kuanzia juu mpaka chini, kisha akauliza ukumbi mzima, kwa sauti ya mtu aliyezoea kupiga kelele juu ya injini, tangu lini Wangoni wakaruhusiwa kukalia viti.

"Tangu tulipochoka kukimbia," Kandida akasema. "Tumetoka kusini kwa miguu mpaka nyayo zikaisha, kiti tumekitolea jasho. Wewe nieleze kwanza, yule mbwa wa getini yuko wapi? Naingia mimi, yupo. Umeingia wewe, simwoni."

Watu wakacheka. Hata karani wa Sheria, aliyeletwa pale kushuhudia, aliinamisha kichwa ili asionekane meno. Mgeni angeshangaa. Mtu ana saratani ya tumbo, amekonda mpaka koti linamning'inia, halafu anatukanwa hadharani na mtu aliyekuja kumponya, na kila mtu anafurahi? Ndiyo. Sheria ya Kinga ya Kuazima ilitaka hivyo hasa. Matusi kwanza, damu baadaye. Mgonjwa na mtani wake walipaswa kutukanana mbele ya mashahidi, ijulikane wazi kwamba kati ya wawili hao hakuna kuoneana huruma.

Kwa hawa wawili, kazi hiyo haikuhitaji mazoezi. Mzee Balthazari alikuwa Mhehe wa Tosamaganga, dereva mstaafu wa malori ya magogo. Kandida alikuwa Mngoni wa Peramiho, fundi wa pampu za maji, aliyehamia Iringa kufuata kazi akabaki. Walifahamiana siku mke wa mzee alipozikwa. Kandida alikwenda msibani kama mtani, akajilaza mlangoni akazuia jeneza lisitoke mpaka apewe kuku. Alipopewa akalalamika kwamba kuku mwenyewe amefiwa kuliko wafiwa. Mzee, ambaye tangu mkewe afariki alikuwa hajafungua kinywa, akacheka. Tangu siku hiyo Kandida alikuwa anaingia nyumba ile bila hodi, anafunua sufuria, anachukua kipande cha nyama, anakalia kiti cha mzee, na mzee anamfukuza kwa fimbo ambayo haikuwahi kumgusa.

Karani akaita jina. Mzee akasimama, akashika ukingo wa meza.

"Mimi Balthazari, mwana wa Kihwele, nina saratani ya tumbo," alisema. "Askari wa mwili wangu wamelala. Sasa naazima askari wa huyu mla panya, maana hata mwizi ana kazi yake. Wakiingia wataniumiza. Nitalia. Nitamwita Mungu, nitamwita mama yangu, nitaomba breki ya kuwasimamisha kwa majina yote ninayoyajua. Mtani, usinisikilize. Usivute breki kwa sababu nalia. Daktari akikwambia mpaka umefika, mwili hauwezi tena, hapo vuta."

"Wewe lia tu," Kandida akajibu. "Nitakaa pembeni natafuna karanga."

"Tafuna. Zikukwame."

Karani akagonga muhuri. Walipokuwa wanatoka, Veneranda, binti wa mzee, mwalimu wa kushona aliyekuwa amekaa nyuma kabisa na kitenge chake amekikumbatia, alimshika Kandida mkono akataka kusema jambo. Kandida akauondoa mkono wake taratibu. Alijua ni asante, na asante hairuhusiwi.

* * *

Daktari Shangali, aliyekuwa mkuu wa wodi ya kuazimana, alikuwa mwanamke mfupi wa Machame asiyependa kukaa. Aliwaonyesha watani wote kitu kimoja kabla hajawakabidhi breki. Aliona ni haki yao wajue wanapigana na nini.

"Njoo uone," alimwambia Kandida. "Hapa ni tumboni kwa mzee wako, sasa hivi."

"Si mzee wangu."

"Samahani. Tumboni kwa huyo mla mbwa."

Asubuhi ile mzee alikuwa amemeza kidonge chenye jicho. Kidonge kilikuwa kimetulia sehemu ya chini ya tumbo, pale chakula kinapotokea kwenda utumbo mwembamba, na picha yake ilijaza ukuta mzima. Kandida aliona ukuta wa tumbo, mwekundu na wenye mikunjo, na katikati yake kiraka cha rangi ya maziwa yaliyoharibika, kimejiinua kingo. Daktari akakuza picha. Akakuza tena, mpaka zikaonekana seli zenyewe, zimebanana. Seli chache zenye rangi ya kijani zilikuwa zinasogea kukifuata kiraka.

"Hao wa kijani ni askari wake," Daktari akasema. "Seli za kinga. Tumewapaka rangi ili uwaone. Kazi yao ni kupapasa. Kila seli ya mwili hutoa nje vipande vya protini za ndani mwake, askari anavikagua. Kikiwa cha kawaida anapita. Kikiwa cha ajabu, anaua. Sasa mtazame huyu."

Askari mmoja wa kijani alifika kwenye kiraka, akagusa seli ya saratani, akajibandika. Kandida alisubiri. Alikuwa amekuja na hamu ya kuona vita. Askari alitetemeka kidogo, kisha akawa mviringo, akatulia. Mwingine akafika, naye akafanya vilevile. Wa tatu akagusa, akageuka, akaondoka zake.

"Mbona hawafanyi kitu?"

"Wameambiwa hapa ni nyumbani." Daktari akaelekeza kwa kalamu. "Mwili unawaogopa askari wake, wasije wakaua ovyo. Kwa hiyo umempa kila mmoja breki, kipokezi kidogo pale juu ya ngozi yake. Seli yenye afya inaweza kukigusa kwa protini fulani, maana yake, mwanangu tulia, hapa ni kwa wazazi wako. Na askari aliyelelewa vizuri anatulia. Saratani imejifunza kutoa protini hiyohiyo. Haimpigi askari wala haimkimbii. Inampapasa kichwa."

"Mnafiki," Kandida akasema.

"Na si hilo tu. Hizi za pembeni zimeacha kabisa kutoa vile vipande vya kukaguliwa, askari anapapasa haoni kitu. Hao wanene unaowaona mlangoni ni askari pia, lakini ni wale wa kutuliza ghasia. Saratani imewaita wawazuie wenzao. Na sukari yote ya mahali hapa inaliwa na kiraka. Anayefanikiwa kupita anafika ana njaa, amezungukwa na tindikali, hana nguvu hata ya kugombana."

Kandida aliusogelea ukuta. Alikuwa amefungua pampu nyingi zilizokufa maishani mwake, na kila mara alikuta kitu kilichovunjika. Hapa hakuna kilichovunjika. Kila kitu kilikuwa kinafanya kazi yake kwa adabu, na mtu alikuwa anakufa.

Askari wa Kandida walikuwa chumba cha pili, kwenye mitungi ya vuguvugu. Walitolewa kwenye mkono wake, wakakatwa kile kipokezi cha breki, wakalelewa pamoja na vipande vya saratani ya mzee mpaka wakaizoea harufu yake. Askari wasio na breki hawasikii neno la mtu. Ndiyo maana ilibidi breki iwekwe nje ya mwili, kwenye kasha lenye dawa ya kuwaua wote kwa mpigo, na kasha lifunguke kwa dole gumba la mtu mmoja.

Kwamba mtu huyo awe nani, nchi ilijifunza kwa machozi. Mwanzoni breki ilipewa watoto na wake za wagonjwa. Wakaivuta mgonjwa alipolia mara ya kwanza, wakafurahi, halafu wakazika mwaka uleule. Ikapewa madaktari. Wale nao wakangoja mno, maana walitaka kuona dawa yao itafika wapi, na watu wakawafia mikononi. Kulikuwa na kesi kubwa. Ndipo mzee mmoja kwenye kikao cha wilaya akasema kwa mzaha, wapeni watani. Sisi tukishindwa hata kumtazama marehemu wetu, si wao wanaombeba huku wanamcheka? Watu wakacheka. Kisha wakaacha kucheka, wakaandika sheria.

Shangazi yake Kandida, Eufemia, alikuwa ameshika breki mara nyingi kule Songea. Alipopigiwa simu hakumpongeza. "Usimpe pole," alisema. "Usipokee asante. Na akikuita mwanangu, mtukane haraka kabla hujasikia vizuri."

* * *

Askari wa Kandida waliingia mwilini mwa mzee mwezi wa Julai, ukungu umeikalia Iringa na watu wanatembea na makoti mawili. Walipakwa rangi ya bluu. Kwenye ukuta wa Daktari Shangali, Kandida aliwaona wakifika kwenye kiraka. Seli za saratani zikawatolea ile protini yao. Wa bluu hawakuwa na pa kuipokelea. Wakajibandika, wakatoboa, wakaenda kwa nyingine.

Siku za kwanza zilikuwa za raha. Kiraka kilipasuka katikati, kikaanza kupungua kingo. Mzee alikaa kitandani akipokea wageni, anawasimulia kwamba sasa ana Wangoni tumboni na hawamwachii hata ugali.

"Wana fujo kama mwenye nao," alimwambia Kandida. "Jana nimesikia wanaimba."

"Wanaimba kwa sababu wameona maini. Walidhani Wahehe hamna."

Kisha moto ukaanza. Lilikuwa jambo linalojulikana, Daktari alishalieleza, lakini kuelezwa ni kitu kingine. Kwa askari wa bluu, mwili wote wa mzee ulikuwa ugenini. Saratani ilikuwa imewanukia zaidi, basi. Walipoipunguza wakaanza kutazama mengine. Ngozi ya viganja vyake ikabambuka. Utumbo ukaanza kutoa damu. Macho yakawa ya manjano, joto likapanda likakataa kushuka. Kandida alikuja na karanga zake kama alivyoahidi, akakaa pembeni ya kitanda, akatafuna ya kwanza na kuiona haimezeki. Akafunga mfuko.

"Mpaka umefika?" alimwuliza Daktari kila asubuhi.

"Haujafika. Unakaribia."

"Na kiraka?"

"Kimebaki kidogo. Kidogo sana. Lakini kipo."

Veneranda hakuwa akiuliza. Alikuwa anambadilisha baba yake mashuka, anamlowesha midomo kwa pamba, na akimaliza anasimama dirishani. Siku moja alimwambia Kandida bila kugeuka, "Wewe una moyo gani, dada?"

"Wa Kingoni," Kandida akasema.

"Hilo ni jibu la utani. Mimi nimekuuliza kweli."

Jibu la kweli Kandida alikuwa nalo, lakini mtani halitoi wodini. Angesema kwamba usingizi umempaa, kwamba kazini amefunga valvu ya mtaa mzima kwa makosa na watu wakakaa bila maji. Angesema anamwogopea mzee yule kuliko alivyowahi kumwogopea mtu yeyote. Alichukua beseni akalimwaga.

Mzee mwenyewe mwanzoni alilia kwa ufundi. Alimwita Kandida mwizi, mchawi, mkimbizi asiye na kwao. Alimwambia mababu zake walipigwa na Wahehe na ndiyo sababu analipiza. Kandida alimjibu kila tusi, na kila alipojibu aliona uso wa mzee unafunguka kidogo, kama mtu aliyepata kamba ya kushika. Walikuwa bado wawili. Ilikuwa inaumiza, lakini ilikuwa inakwenda.

Halafu matusi yakaisha. Alasiri ile mvua nyepesi ya baridi ilikuwa inanyesha, Veneranda ameinama kitini, Daktari yuko wodi nyingine. Mzee alikuwa amelala. Akafumbua macho. Hayakuwa ya mtu anayetania. Yalimtafuta Kandida, yakampata, na sauti iliyotoka ilikuwa ndogo na ya upole. Kandida hakuwahi kuisikia sauti hiyo kwa mzee huyu.

"Mwanangu Kandida."

"Abee, baba."

Lilitoka lenyewe. Ndivyo alivyolelewa, ndivyo msichana yeyote wa Peramiho anavyoitika akiitwa na mkubwa, hata akiwa usingizini. Kabla hajafikiri lilikuwa limeshatoka. Baba yake mzazi alifariki yeye akiwa shule ya bweni. Walimficha mpaka mitihani ikaisha, akarudi nyumbani akakuta udongo umeshakauka. Tangu hapo hakuna mwanamume aliyemwita mwanangu akaitika.

"Baba yako naungua," mzee akasema. "Nimechoka, mwanangu. Inatosha."

Kandida alitafuta tusi. Alilitafuta kwelikweli. Alijaribu mbwa, akajaribu ulanzi, pombe yao ya mianzi, akajaribu tusi moja la suruali ambalo lilikuwa halijawahi kushindwa. Yote yalikuwa yale yale, lakini aliyekuwa akiyapokea hakuwepo. Pale kitandani palikuwa na mzee mgonjwa aliyekuwa anamwita, na binti hamtukani baba yake. Alimtazama Veneranda. Veneranda alikuwa amemkazia macho, na macho yale hayakumsukuma wala hayakumzuia. Yalikuwa ya mtu anayetazamana na ndugu yake.

"Mwanangu."

"Nipo, baba. Nipo hapa."

Akaweka dole gumba kwenye kasha. Kasha likafunguka kwa mlio mdogo, dawa ikaanza kushuka kwenye mrija, na Kandida akalia kwa sauti, mbele ya mgonjwa, kitu ambacho mtani hafanyi.

* * *

Joto lilishuka kabla ya jua kuzama. Kesho yake mzee alikunywa uji. Veneranda alimkumbatia Kandida kwenye korido, na Kandida alikubali kukumbatiwa, akaona raha. Ndiyo, aliona raha, na baadaye raha hiyo ndiyo iliyomtesa kuliko yote.

Daktari Shangali alingoja mpaka mzee akaweza kumeza kidonge cha jicho tena. Kisha akamwita Kandida ukutani. Kiraka kilikuwa kimekwisha karibu chote. Penye kiraka palikuwa na kovu la waridi, na ukingoni mwa kovu seli chache zilizobanana, ambazo ungeweza kuzifunika kwa ncha ya sindano. Wa bluu hawakuwepo hata mmoja. Wa kijani, wa mzee mwenyewe, walikuwa wanafika, wanagusa, wanatulia.

"Hizi zilizobaki zimekutana na askari wako zikabaki hai," Daktari akasema. "Zimeacha kutoa kipande chochote. Ni laini kama kioo. Askari hana pa kushika. Zitakazozaliwa zote zitakuwa hivi."

"Tumpe wengine. Nitoe tena."

"Damu yake sasa inawajua wako. Itawaua mlangoni. Na wa mtu mwingine watapapasa nini?"

Kandida alizitazama zile seli. Hazikuwa zinafanya kitu. "Ningevumilia," akasema, "angepona?"

"Usiniulize hilo."

"Nakuuliza."

Daktari akazima ukuta. Kwa mara ya kwanza Kandida alimwona ameketi. "Labda zingekwisha siku ya pili. Labda ini lingekwisha kwanza. Nimekaa na namba zake siku nzima na sijui. Kinachoandikwa kwenye sheria ni kwamba mpaka ulikuwa haujafika. Hilo nalijua, na wewe unalijua."

"Atakaa muda gani?"

"Mahindi mabichi ya msimu ujao huenda akayala. Ya msimu unaofuata, sidhani."

Kandida alikaa wiki mbili bila kwenda kwa mzee. Alipokwenda alikuwa amejitayarisha kama mtu anayekwenda kwenye usaili. Alikuwa na matusi mapya, mengine ameyaomba kwa shangazi Eufemia, ambaye alimpa na kumwambia kwa huzuni kwamba hayatafaa kitu. Nyumba ya mzee ilikuwa mtaa wa Kihesa, ina kibaraza kinachopata jua la asubuhi. Mzee alikuwa amekaa hapo, blanketi magotini, viganja vyake vina ngozi mpya nyembamba kama ya mtoto.

Kandida hakupiga hodi. "Kumbe upo," alianza, kabla hajafika ngazini. "Nimekuja na jembe nikijua tunachimba kaburi, kumbe Mhehe kifo nacho kimemwonja kikamtema. Kimesema ladha ya mbwa hakiiwezi."

Mzee aliinua macho. Akatabasamu kidogo, tabasamu zuri, la mtu anayemwona mtoto wa nyumbani amefika salama.

"Vene," aliita ndani, "mletee dada yako kiti. Kile chenye mto."

Kiti kikaja. Kandida akakikalia, mto ukamsumbua. Veneranda akamsalimia kwa heshima, akarudi jikoni. Kulikuwa na harufu ya nyama inayochemka, na Kandida alijua kwamba leo hawezi kwenda kufunua sufuria ile.

"Wananiambia nililia," mzee akasema.

"Ulilia."

"Sikumbuki kitu. Nakumbuka ukumbini tu, na yule karani anaficha meno. Baada ya hapo nakumbuka uji." Akageuza viganja vyake akavitazama. "Nilikuita nani?"

"Mwanangu."

"Ukasemaje?"

Kandida alitamani kudanganya. "Nikaitika."

Mzee alitikisa kichwa taratibu, mara nyingi, kama mtu anayehesabu mikunjo ya barabara aliyoijua zamani. Jirani alipita na punda wa maji, akasalimu, mzee akaitikia.

"Niliomba mtani," akasema. "Niliomba mbele ya watu. Nilijua nitalia, ndiyo maana niliomba. Lakini siku yenyewe, kumbe mle chumbani hapakuwa na mtani. Palikuwa na watoto wangu wawili."

"Nilaumu," Kandida akasema. "Nitukane. Niite muuaji. Nimekuja kwa hilo."

"Mtani ningemlaumu mpaka kaburini. Ningemwambia maneno ambayo angeyakumbuka akiwa bibi kizee." Akanyoosha mkono wake wenye ngozi mpya, akakiweka vizuri kitambaa cha kichwa cha Kandida kilichokuwa kimeteleza. "Mtoto aliyemwonea baba yake huruma, baba atamlaumu kwa lipi? Siwezi, mwanangu. Asante kwa ulivyonihurumia. Kunywa chai."

Kandida alingoja. Ilikuwa desturi ya mzee kumaliza maneno mazuri kwa tusi, akikutegea ulegee kwanza, na Kandida alikaa mdomo wazi kidogo akilingojea lile tusi, akilitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu. Mzee alikuwa ameshageukia jua, amefumba macho, anapumua polepole. Alikuwa ameridhika. Hakuwa na neno lingine.

Veneranda alitoka na sinia. Kandida akaondoka kwenye kiti, akapiga goti kama binti wa nyumba anavyofanya mbele ya baba yake, akapokea kikombe kwa mikono miwili.